Plasta ya Chumba cha Bi Somoe

Mashine ilisema miezi minane.

Ilisema kwa sauti, kama sheria inavyotaka, kupitia kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlango wa nyumba, ili mtaa mzima usikie na kesho asitokee mtu wa kudai kwamba alidhulumiwa kimyakimya. "Chumba cha tatu kushoto. Mkaazi, Somoe Athumani Nandonde. Muda wa kuishi, miezi minane. Hajatimiza." Kisha ikawasha taa yake nyekundu na kutulia.

Watu waliokuwa barabarani wakacheka. Bi Somoe? Miezi minane? Mwanamke aliyeikuta Barabara ya Kumi na Saba haina hata lami, aliyefundisha nusu ya wanawake wa Ngamiani kusuka ukili wa mikeka, ambaye mimi nimezaliwa nikamkuta na nikapigwa naye kofi langu la kwanza kwa kumjibu mkubwa?

"Irudie, Raya!" mtu akapaza sauti. "Hiyo imevuta vumbi."

Nikairudia. Mara tatu nikaichomeka ukutani, na mara tatu ikasema miezi minane. Kicheko kikapungua, kikaisha. Mimi sikuwa na haja ya kuirudia hata mara moja. Nilijua tangu mwanzo kwamba haikukosea, na nilijua ni nani aliyeifuta miaka thelathini na minne ya Bi Somoe kwenye ukuta ule. Ni mimi. Nilitamani kuipiga chini mashine ile hadi utumbo wake wa chuma utapakae sakafuni, halafu nijipige na mimi.

Ngoja niseme jinsi Mnuso, mashine hiyo, unavyofanya kazi, maana kuna wanaodhani ni uchawi na kuna wanaodhani ni haki, na wote wamekosea.

Ukuta wa nyumba zetu za zamani, wa fito na udongo, uliopigwa plasta ya chokaa na kupakwa upya kila Ramadhani inapokaribia, haupotezi kitu. Pumzi ya anayelala humo, jasho la mgongo wake, moshi wa udi wake, vyote vinaingia kwenye chokaa mbichi na kukauka nayo. Mwaka unaofuata linakuja tabaka jingine juu yake. Mnuso una mdomo mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Unatoboa, unavuta unga kidogo, unahesabu tabaka, na katika kila tabaka unatambua pumzi ni ya nani, kwa sababu kila mkaazi alipuliza kwenye kimfuko mwanzoni mwa kazi, na marehemu hutambuliwa kwa nguo walizoacha. Ukikutwa na miaka kumi na tano katika plasta ya chumba chako, unapata fleti kwenye ghorofa litakalojengwa palepale. Ukipungukiwa, unafunga virago. Korido haihesabiwi, uwani hakuhesabiwi, kwa kuwa huko hupita kila mtu.

Na sisi ndio tuliouomba Mnuso. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Walipoanza kubomoa Barabara ya Tisa, nilipokuwa bado shuleni, wenye nyumba walileta mikataba ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, na mashahidi waliokuwa bado wanajilamba mafuta ya pilau waliyolishwa. Wapangaji wa miaka thelathini walitolewa kama takataka. Wakaazi wa barabara zilizobaki wakakaa chini katikati ya njia siku kumi na moja, wakasema hatutaki karatasi tena wala hatutaki midomo ya watu, kuta ziseme. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi sauti imemkauka na mguu umevimba, lakini alirudi anacheka, kwa sababu walikuwa wameshinda.

Basi sasa kuta zinasema, na mtu mwingine yeyote akifungua kinywa anaambiwa afunge.

*

Mume wa Bi Somoe aliitwa Fundi Hemedi, seremala. Alifia katika chumba kile mwaka jana. Mjane wake akakaa eda miezi minne na siku kumi, na ilipokwisha akafanya kama wanavyofanya kwao, ukoo wa kina Nandonde kule Lindi. Chumba alichofia mume kinakwanguliwa hadi udongo na kupigwa plasta mpya, ili mjane asilale kwenye ukuta uliosikia roho ikitoka.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Majirani tulikwenda, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilishika chuma nikakwangua kutoka dirishani hadi mlangoni, jasho linanitoka, huku tunamsomea marehemu na kutaniana kidogo kama watu wanavyotaniana msiba unapopoa. Nilikuwa na cheti cha usomaji wa kuta tayari. Nilikuwa nimesoma kuta za miji mitatu. Kama kulikuwa na mtu mmoja Tanga nzima aliyejua kilichomo ndani ya unga ule uliokuwa ukiniingia puani, ni mimi. Lakini siku ya msiba mtu hakai akapiga hesabu. Tena mradi haukuwa umetangazwa kwetu. Kampuni ya Nguzo Nane ilikuja miezi mitatu baadaye na ramani zake.

Wakanichukua mimi kwa makusudi. Watu wa Barabara ya Kumi na Saba hawamfungulii mgeni mlango, ila Raya binti Mbwana watamfungulia na chai watampa. Chumba chetu kilisomwa na msomaji mwingine, kama sheria inavyotaka, kisha nikaachiwa vile vilivyobaki. Vyumba sitini vikapita salama. Cha Bi Somoe kilikuwa cha sitini na moja, cha mwisho.

*

Injinia Gervas wa Nguzo Nane alifika na kofia yake ngumu kabla sijachomoa sindano. Si mtu wa makelele. Laiti angekuwa wa makelele, ningejua pa kumshika.

"Pole sana, dada Raya," alisema. "Najua ni jirani yako. Lakini mashine ndiyo sheria. Weka dole lako, tufunge fungu la mtaa. Mwisho ni saa sita."

"Huyu mama ana miaka thelathini na minne hapa."

"Ukuta unasema miezi minane."

"Ukuta ulikwanguliwa! Waulize watu."

Akanitazama kwa huruma. Nilitaka kumng'oa macho kwa huruma ile. "Niulize watu? Si ninyi mliokataa mashahidi?"

Nyuma yake, mwanzo wa barabara, katapila lilikuwa limeshawashwa. Walikuwa na kibali cha kuanza na mabaraza yote ya nje, wakisema yapo kwenye hifadhi ya barabara na hayamhusu Mnuso. Mabaraza ambayo watu wamekalia tangu enzi za babu zao, leo yamekuwa uvamizi. Lilikuwa limeshang'oa mawili, na vumbi lake lilikuwa likitufikia.

Nikamgeukia Mzee Kombo, mwenyekiti wetu wa wakaazi, ambaye chumba chake kinatazamana na cha Bi Somoe katika nyumba hiyohiyo.

"Mzee Kombo, shikamoo. Mwambie injinia. Ulikuwepo siku ya kukwangua."

Mzee Kombo akaangalia viatu vyake. "Marahaba. Mimi sikumbuki vizuri, mwanangu. Umri."

"Hukumbuki? Miezi minane tu!"

"Sikuwepo," akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika. Kisha akanivuta pembeni. "Raya, mtu mmoja. Vyumba sitini. Unamjua Bi Tabu wangu. Mwaka wa nne huu miguu imekataa. Kizingiti kimoja tu cha mlango kinamshinda. Kule kuna lifti. Kule atashuka mwenyewe, aote jua kama watu. Usituharibie."

Kwa Bi Tabu nilikuwa nikipeleka uji kila Ijumaa. Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa anadanganya na bado alikuwa na haki ya kuitaka ile lifti.

*

Niliingia ndani peke yangu, nikasimama koridoni. Sasa nitasema nilichotaka kukifanya, maana sioni sababu ya kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Korido ile Bi Somoe ameifagia kila asubuhi kwa miaka thelathini na minne. Pumzi yake imejaa pale. Nikiichomeka sindano koridoni na kuandika "chumba cha tatu", Mnuso utasoma miaka yake, taa itawaka kijani, na dunia itaendelea. Hatari yake niliijua. Kampuni huwa inarudia kupima chumba kimoja katika kila kumi, na vyumba vyote vya mtaa hufungwa katika fungu moja. Ukionekana uongo mmoja, fungu zima linatupwa. Nyumba zote, pamoja na Bi Tabu na miguu yake.

Nikaigusisha sindano ukutani.

"Hapo ni chumbani kwangu?"

Bi Somoe alikuwa amekaa juu ya mkeka mlangoni kwake, ukili mkononi, anasuka kama siku nyingine. Sikuwa nimemwona.

"Hapana, Bi."

"Basi toa."

"Bi Somoe, watakutoa leo. Hujui wanavyo..."

"Nimesema toa!" Alitupa ukili chini. Sijawahi kumwona akitupa ukili. "Miaka yangu nimeishi mwenyewe, hakuna aliyenisaidia kuiishi. Leo uje uniibie iliyo yangu, halafu tuitwe wezi mimi na wewe? Na wakikukamata, hawa watu wote walale wapi, juu ya kichwa changu?"

"Mimi ndiye niliyekwangua," nikasema. Machozi yalinitoka, ya hasira zaidi kuliko ya huruma. "Nilijua kilichomo na nikakwangua."

"Ulikwangua kwa sababu nilikuita na ukaitika. Ungekataa ningekulaani." Akaokota ukili wake, akaupangusa. "Tena unalia nini kama mtoto? Chumba changu hakijapotea. Si kipo nje?"

"Nje wapi?"

"Wewe ulikimbilia kazini Korogwe kabla ya adhuhuri, hukuona. Ulidhani nitaitupa jalalani plasta iliyomnyonya Hemedi jasho, ikanyagwe na mbuzi? Kombo aliikoroga na chokaa mpya, wenzake wakabeba makarai, tukalitengeneza baraza la Hemedi. Pale alipokuwa akipigia randa."

Nilimtazama. Nilikuwa nimelikalia baraza lile miezi minane, na chai mkononi.

Nje katapila lilinguruma, na safari hii lilikuwa karibu.

*

Nilitoka mbio na Mnuso kifuani. Katapila lilikuwa limebakiza nyumba moja kulifikia baraza la Fundi Hemedi. Nikapanda juu ya baraza, nikakaa. Dereva akafunga breki, akanitukana tusi ambalo mama yangu asingependa nilirudie.

"Dada Raya," Injinia Gervas akaita, "baraza halihesabiwi! Unajua kabisa!"

"Halihesabiwi. Lakini sheria yenu inasema chochote kitakachonuswa kisomwe kwa sauti. Basi tusikilize."

Nikapiga magoti nikaitoboa ile plasta. Mnuso ukachukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu tabaka zilikuwa zimevurugika, miaka imeingiliana. Kipaza sauti kikakwaruza.

"Sehemu iliyo nje ya chumba. Haihesabiwi. Pumzi zilizotambuliwa. Hemedi Saidi, tabaka thelathini na tatu. Somoe Athumani Nandonde, tabaka thelathini na tatu."

Mtu mmoja akasema Allahu Akbar. Mimi nilikuwa nikingoja, kwa sababu nilijua haijamaliza. Chokaa mpya huchukua pia jasho la mikono inayoikoroga, na la iliyokwangua unga uliotiwa ndani yake.

"Tabaka la kukorogea, siku moja. Mikono iliyotambuliwa, kumi na minne." Na ukaanza kuwataja. Mwalimu Zaina wa nyumba ya mkabala. Mauya muuza mkaa. Watoto wawili wa marehemu Sheshe. Kila jina lilipotajwa watu waligeuka kumtafuta mwenyewe, naye akainamisha kichwa au akakiinua, kila mtu kwa tabia yake. Mtaa ulikuwa umekataa midomo ya mashahidi, na mashahidi walikuwa wamelala kwenye plasta muda wote wakingoja kuitwa. "Kombo Dafa," ulisema Mnuso, wa kumi na tatu.

Mzee Kombo alikuwa amesimama kwenye kizingiti.

"Raya Mbwana, msomaji."

Taa ikaanza kuwaka na kuzimika, rangi ya chungwa, rangi ya pingamizi, ambayo sikuwahi kuiona tangu nianze kazi.

Injinia akanijia hadi miguuni pa baraza, akashusha sauti. "Unaijua maana yake. Msomaji ambaye mkono wake umo kwenye ushahidi hasomi mtaa huo. Ukiweka dole kwenye pingamizi, cheti chako kimekwenda. Vyumba vyote ulivyosoma vitarudiwa na mwingine. Nusu mwaka, dada. Na huyo mwingine anaweza kulikataa baraza vilevile. Lakini hujaweka dole bado. Futa. Mimi sijasikia kitu."

"Mtaa mzima umesikia."

"Mtaa hauhesabiwi."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayekukumbusha saa. Hapo ndipo hasira yangu ilipotulia, ikawa nzito na baridi. Nilikuwa nimeisambaza asubuhi nzima, kwa mashine, kwa Kombo, kwa mikono yangu, na kumbe mwenye kuistahili alikuwa hapa, amesimama mbele yangu na kofia ngumu.

Lakini watu nao walikuwa wamesikia neno "nusu mwaka". Mwalimu Zaina alikuwa wa kwanza. "Raya, masika yanakuja! Paa langu unalijua! Nusu mwaka tena chini ya bati lile?" Mauya akasema nina kiburi cha kusoma. Mwanamke ambaye sitamtaja, kwa sababu bado ni jirani yangu, alitema mate karibu na mguu wangu. Nao walikuwa haohao waliobeba makarai. Sikuwachukia. Niliwaelewa mno, na kuwaelewa hakukunisaidia. Upande mmoja mama mmoja, upande wa pili vyumba sitini vyenye wagonjwa na mabati yanayovuja, na dole gumba langu katikati.

Nikamtazama Mzee Kombo. "Sema wewe. Wewe ni mwenyekiti. Ukisema nifute, nitafuta."

Nilimwambia hivyo kwa ukatili, nakiri. Nilitaka abebe na yeye.

Ndipo sauti ikatoka chumbani mwake, nyuma yake, kali kama ya mwanamke mwenye miguu miwili mizima.

"Kombo! Si ulirudi siku ile na chokaa hadi kwenye nyusi, nikakupangusa mimi? Leo umesahau?"

"Tabu, wewe hujui. Ni ile lifti..."

"Lifti nimekuomba mimi? Nibebe unipeleke nje nikaote jua hukohuko kwa Hemedi, basi! Miaka minne unaningojesha ghorofa kunitoa mlangoni!"

Kuna watu walicheka. Mzee Kombo alisimama kama aliyemwagiwa maji. Halafu akaingia ndani, na tukasikia vitu vikisogezwa, na kuguna, na Bi Tabu akimwelekeza ashike wapi. Akatoka naye amembeba kifuani, mishipa ya shingo imemtoka. Watu wawili wakamkimbilia. Wakamketisha barazani, kando yangu, uso wake umekunjamana kwa mwanga.

"Nilikoroga mimi," Mzee Kombo akamwambia injinia, akihema. "Andika."

"Haiandikwi, mzee. Shahidi wa mdomo..."

"Basi usiandike!" akafoka. "Lakini sikia!"

Nikaweka dole kwenye pingamizi.

Taa ya chungwa ikazimika. Mnuso ukasema kwa sauti ileile isiyo na damu kwamba fungu la Barabara ya Kumi na Saba limesimamishwa, kwamba kisiguswe kitu chochote chenye pumzi iliyotajwa hadi usomaji wa pili, na kwamba msomaji Raya Mbwana amefutiwa cheti kuanzia saa tano na dakika arobaini. Kisha ukajifunga. Ulikuwa haunitambui tena. Niliuweka mikononi mwa Injinia Gervas, naye akaupokea bila kunitazama, akaenda zake.

Hakuna aliyenipongeza. Mwalimu Zaina aliingia kwake akabamiza mlango, na hajaniitikia salamu hadi leo. Masika yalikuja, na bati lake likavuja kama alivyosema.

Bi Somoe alitoka ndani polepole, ukili umening'inia begani. Alilitazama lile tundu dogo nililolitoboa, akaweka kiganja juu yake.

"Imesema Hemedi yumo?"

"Yumo, Bi. Miaka yote."

Akageuka, akamtazama dereva wa katapila, aliyekuwa bado juu ya kiti chake na injini inanguruma, asijue la kufanya.

"We baba," akamwambia. "Zima hilo. Mume wangu amepumzika."